Mikono Ndani ya Kisanduku

Namba arobaini na moja iliitwa mara tatu. Mwenye namba hiyo alikuwa ameketi hatua nne tu kutoka dirishani, kikaratasi amekibana vidoleni, macho ameyakaza ukutani palipobandikwa tangazo la usafi. Karani aliita kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na namba tangu asubuhi. Mara ya tatu akamalizia kwa sonyo, kisha akarukia arobaini na mbili.

Benchi zima lilikuwa la watu wa karakana ya ushonaji, saba kwa jumla, wote viziwi, wote wamevaa nguo zao za kutokea. Walifika ofisi ya uchaguzi haijafunguliwa. Hiyo ilikuwa siku yao ya tatu kuja, na zile mbili za mwanzo waliondoka jioni mikono mitupu, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba hapa watu huitwa kwa mdomo. Juu ya dirisha kulikuwa na ubao wa taa nyekundu wa kuonyesha namba, lakini ulikuwa umekwama kwenye kumi na sita, na wao waliukodolea macho wakingoja ubadilike. Salaale, wangeungoja mpaka wazeeke.

Mwanamke aliyesimama mlangoni aliisikia namba. Yeye anasikia, ni binti wa yule mwenye arobaini na moja. Alipenya katikati ya watu, akachutama mbele ya mama yake, akanyanyua mikono amwambie kwamba anaitwa. Mama alipoona tu mikono ile inapanda, akafumba macho.

Wewe na mimi tukifumba macho tunapumzika. Kiziwi akikufumbia macho, amekufungia mlango usoni. Mama alikuwa akimfungia binti yake mlango huo kwa wiki ya tano sasa, asubuhi na jioni, na wanalala chumba kimoja. Binti alimgusa goti. Mama akalivuta goti lake pembeni, macho bado yamefumbwa, kikaratasi bado mkononi. Heri akose zamu kuliko kuisoma mikono ya mwanawe.

Basi binti akaenda dirishani mwenyewe.

"Arobaini na moja ni yule mama pale. Umempita."

"Nimeita mara tatu, dada. Mnataka nipige tarumbeta?"

"Hasikii. Wote saba hawasikii."

"Sasa mimi nitajuaje? Wameandikwa usoni?" Karani aliinua macho, akamtazama, akamtazama tena, uso ukamchangamka ghafla. "Ebo! Si wewe yule wa kwenye runinga? Wa kwenye kisanduku, pembeni ya mtangazaji! Jana tu nimekuona, umependeza kweli na ile blauzi ya bluu. Mbona huku umechakaa hivi?"

"Siyo mimi."

"Acha utani."

"Mimi niliachishwa kazi mwezi wa pili. Yule si mtu. Ni picha yangu inachezeshwa na mtambo."

Karani akacheka. Kila aliyeambiwa maneno hayo alicheka. Alicheka mwenye nyumba, alicheka muuza maji, na askari wa kituo alicheka mpaka akapaliwa. Binti alikuwa amechoka kuyasema, lakini angefanyaje?

Faili lilipokelewa baada ya kubembelezana sana. Karani alilifungua, akasoma mstari mmoja mmoja akifuatisha kwa kalamu: malalamiko ya wapiga kura mia mbili na kumi na wanne, wote viziwi, waliopotoshwa kuhusu mahali pa kupigia kura. Akakuna kichwa.

"Kikao Jumatano ijayo, saa nne. Mama ndiye atoe maelezo, yeye ndiye kiongozi wao. Na aseme mwenyewe mbele ya kamati. Karatasi hii ameandikiwa na wewe, na wewe ni mwanawe. Mkalimani tutaleta sisi."

"Mtamleta nani? Mji mzima tulikuwa wawili, na mwenzangu alishahama."

"Tutaleta," karani akasema, akagonga muhuri.

*

Kwenye karakana huyu binti anaitwa Kidole. Viziwi hawaitani kwa majina ya mdomoni. Kila mtu ana alama yake, na ya kwake ni kidole cha mwisho kilichopinda. Alibanwa na mlango akiwa mdogo, kidole cha mkono wa kushoto kikaunga vibaya, kikabaki kimekunjika kama ndoano. Alijua kuomba maji kwa mikono kabla mdomo wake haujajua kutamka neno. Alipofika miaka saba alikuwa ndiye mdomo wa mama yake na ndiye masikio yake: kliniki, dukani, shuleni, hata kwa mwenye nyumba kumwambia avumilie kidogo. Mambo ambayo watoto wengine wanafichwa, yeye aliyatafsiri.

Kwa hiyo kituo cha runinga kilipotafuta mkalimani wa taarifa ya habari ya saa moja jioni, kazi ikamwangukia. Miaka kumi na mmoja alisimama ndani ya kile kisanduku cha pembeni. Mji ulimwona bila kumwona, unavyoona saa ya ukutani. Lakini viziwi walikuwa hawamtazami mtangazaji hata kidogo; wao walikitazama kisanduku. Maji yatakatika lini, chanjo itatolewa wapi, barabara ipi imefungwa, yote waliyapata kwa Kidole. Watu wakibishana karakanani, mmoja akikunja kidole cha mwisho, yaani Kidole kasema, ubishi umekwisha.

Na kulikuwa na siri moja. Mwisho wa taarifa, muziki unapopigwa na majina ya wafanyakazi yanapita, alikuwa akichomeka miondoko miwili ya haraka, hewani, kifuani. Wakubwa zake walidhani ndiyo kwaheri ya viziwi. Haikuwa kwaheri. Alikuwa anauliza: "Mama, umekula?" Na mama yake, kwenye kigoda mbele ya runinga yao ndogo, alikuwa anakijibu kioo kila siku: "Nimekula. Rudi salama." Majirani walimcheka sana. Yeye hakujali, naye akawacheka kwamba watoto wao hawawasalimii kwenye runinga.

Mwaka jana wakaja wageni na mitambo yao. Wakamvisha nguo nyeusi ya kubana iliyopachikwa vitone vyeupe kila kiungo, hata kwenye vidole, wakamsimamisha mbele ya kamera kumi na mbili siku tisa mfululizo. Alionyesha maneno, sentensi, majina ya mitaa, magonjwa, tarakimu, mpaka mabega yakawaka moto. "Ni kwa ajili ya siku ukiumwa," mkuu wa vipindi alimwambia. "Ikusaidie wewe mwenyewe." Akapewa karatasi za kusaini. Zilikuwa nyingi, kila mtu alikuwa amesimama akimngoja yeye, gari la wageni linaunguruma nje. Akasaini. Walimwambia afanye kila kitu kama kawaida, mwanzo mpaka mwisho, naye akafanya mpaka mwisho.

Mwezi wa pili akapigwa kalamu. Jioni hiyo alikuwa anapita mbele ya duka la vifaa vya umeme, bahasha ya barua mkononi, akajiona. Runinga tisa dukani, na yeye ndani ya zote tisa, amevaa blauzi ya bluu ambayo hajawahi kuinunua. Kidole kimepinda vilevile. Alisimama pale barazani mpaka taarifa ikaisha, muziki ukapigwa, na yule mwanamke wa kioo akauliza: "Mama, umekula?"

Mlinzi wa duka akamwambia asogee, anaziba wateja.

Angefika nyumbani akasema yote, hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini alipofungua mlango, Mama alikuwa ameshasimama, mikono inameremeta kwa furaha: "Leo umetoka! Ile blauzi imekukaa!" Na yeye alikuwa amechoka, ameaibika, hana kazi, na furaha ile ndiyo kitu pekee kilichobaki chumbani. Akajibu: "Asante, Mama." Hapo ndipo alipokosea, na anajua. Tangu siku ile akawa anatoka saa zilezile na kurudi saa zilezile. Alipata kibarua cha kuosha masufuria kwenye jiko la chuo. Mama alipoona mikono imepasuka akauliza, naye akasema ni dawa ya kuondolea poda. Miezi sita alikula kile alichokipata jikoni na kusifiwa kazi aliyoifanya mwingine.

*

Siku tatu kabla ya uchaguzi wa diwani, mtangazaji alisoma kwamba kila mtu atapiga kura kwenye kituo alichojiandikishia. Wote wanaosikia walisikia hivyo. Pembeni, wakati huohuo, Kidole aliwaambia viziwi jambo jingine kabisa: safari hii viziwi wote watapiga kura pamoja, kwenye ukumbi wa zamani wa maonyesho, ng'ambo ya mji, wataandaliwa wakalimani na viti, na wasihangaike na vituo vyao vya zamani. Lilisemwa hadharani, mbele ya mji mzima, na hakuna aliyeliona ila wale waliokusudiwa. Binti mwenyewe jioni hiyo alikuwa ameinamia sufuria la maharage lililoungua.

Karakanani mzee mmoja fundi wa vifungo alitia shaka. Kwa nini tupelekwe mbali hivyo? Mama akasimama juu ya kiti ili mikono yake ionekane na wote. "Mwanangu hajawahi kutudanganya," akasema. "Mikono ile nimeizaa mimi. Mnaniona mimi sikijui kidole cha mwanangu?" Basi, yakaisha.

Usiku wa kuamkia uchaguzi, Mama alimwamsha binti yake aliyekuwa ameshaanza kusinzia. "Kesho tunakwenda kama ulivyotuambia." Binti hakujua ameambia nini. Angeuliza angejiumbua. Akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani, na alfajiri akatoka kwenda kuosha vyombo vya chai ya wasimamizi wa uchaguzi.

Watu mia mbili na kumi na wanne walikwenda kwenye ule ukumbi, wengine kwa magongo. Walikuta mnyororo mlangoni na kufuli lenye kutu. Wakadhani wasimamizi wamechelewa, wakapanga foleni nzuri. Mvua ikawakuta hapohapo. Wakasubiri mpaka adhuhuri, wakasubiri tena, mpaka mmoja alipopata wazo la kwenda kuchungulia kituo chake cha zamani na kurudi mbio kuwaambia. Walipofika huko, masanduku ya kura yalikuwa yanafungwa. Diwani aliyeshinda, yule aliyeapa kwamba kiwanja cha karakana lazima kipate matumizi bora zaidi, alishinda kwa kura tisini na saba.

Jioni hiyo binti alisema yote. Alisema barua, alisema duka, alisema masufuria. Mama alimwacha amalize. Alikuwa bado na nguo mbichi, na alisema mara moja tu:

"Kama ni wewe, umetuuza. Na kama si wewe, miezi sita umeniacha niongee na kioo."

Akafumba macho.

*

Kabla ya Jumatano binti alikwenda kusimama kwenye geti la nyuma la kituo cha runinga mpaka fundi wa picha akatoka kuvuta sigara. Walikuwa wakitaniana sana zamani. Safari hii fundi alitazama kulia na kushoto kwanza.

"Dada, wewe unatafuta nini huku?"

"Nani aliandika yale maneno?"

"Sijui. Wallahi sijui. Zamani ulikuwa unasikia, unatafsiri, basi. Sasa kuna mtu anaandika, mtambo unachezesha mikono. Na maandishi ya kisanduku hayatoki chumba cha habari, yanatoka juu."

"Juu wapi?"

Fundi akapandisha mabega. "Yanakuja tu. Labda mtu alikosea. Labda hakukosea. Hapa ndani hakuna hata mmoja anayejua alama, nani atakagua?"

"Njoo Jumatano useme hayohayo."

"Nina watoto, dada," fundi akasema, akaizima sigara ikiwa nusu. Alipofika mlangoni aligeuka. "Kile kidole, walitaka kukinyoosha. Mimi ndiye niliyewaambia wakiache. Nilidhani nakufanyia wema."

*

Chumba cha kikao kilikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kusuasua, na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cha kijani. Kamati ilikuwa ya watu watatu: mwenyekiti mwenye miwani, mwanasheria wa kike aliyeandika kila kitu, na mjumbe mnene aliyeanza kusinzia kabla kikao hakijafunguliwa. Viziwi walijaza safu nne. Binti aliketishwa safu ya nyuma kabisa, nyuma ya migongo ya watu wake, na askari akasimama kando yake. Mama aliitwa mbele, akapewa kiti kinachoitazama meza.

Kisha karani akaingia akisukuma toroli. Juu yake kulikuwa na runinga kubwa, na juu ya runinga kamera ndogo. Akabonyeza, na yule mwanamke wa blauzi ya bluu akatokea, amekunja mikono tumboni, anangoja.

Safu zote zilitikisika. Watu waligeuka nyuma kumtazama binti, wakageuka tena kutazama kioo. Mama naye aligeuka. Alimtazama aliyekaa, akamtazama anayewaka, mara mbili, mara tatu, na macho yalipotulia juu ya binti yake hayakufumbwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uchaguzi.

Binti akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, huyo ndiye tunayemlalamikia! Huyo ndiye aliyesema uongo, halafu ndiye atafsiri?"

"Kaa chini, dada. Huyo si mtu, ni mtambo. Umekaguliwa na wataalamu." Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta polepole. "Mtambo hauna chama, hauna ndugu, haupewi soda. Wewe una mzazi hapa. Sasa niambie, nani mwenye upande?"

"Nani aliukagua? Wanajua alama?"

"Mkanda wa siku ile tumeuona wote watatu. Mtangazaji alisoma sahihi, neno kwa neno. Na mtambo wenyewe tumeuuliza mikono ile ilisema nini, umetupa taarifa ya kurasa sita. Mikono na sauti vinalingana."

"Mmeuuliza mtambo wenyewe?"

"Tungemuuliza nani? Wewe?" Mwenyekiti akarudisha miwani usoni. "Na nikuonye. Ukinyanyua mikono kumwelekeza shahidi, shauri nalifuta sasa hivi, warudi nyumbani wote. Umeelewa?"

Alielewa. Alikaa, akaiweka mikono chini ya mapaja yake, akaikalia.

Mama akaanza. Binti hakuwa ameona mama yake akisema namna ile maisha yake yote. Mabega tu ndiyo aliyoyaona, na viwiko, na mikono ilipopanda juu, lakini ilimtosha. Mama alieleza taarifa ya saa moja, na jinsi alivyosimama juu ya kiti. Alieleza mnyororo na lile kufuli lenye kutu. Alieleza mvua, na mwenzao wa magongo aliyeteleza kwenye tope, na foleni waliyoipanga wenyewe bila kuambiwa na mtu, wakaishika kwa saa sita ili wasionekane watu wa fujo. Alisema: "Mmetuhesabu kwenye sensa. Mmetuandikisha, mmetupiga picha. Siku ya kusema tu ndiyo mlitupeleka kwenye mlango uliofungwa." Alisema: "Hatutaki pole. Tunataka kura yetu tuipige." Alisema kwa dakika kumi, na safu nne zote zilikuwa zinatikisa mikono juu, makofi ya viziwi, yasiyo na kelele.

Kutoka kwenye toroli ilitoka sauti nzuri ya kike, laini, ya mtu aliyelala vizuri:

"Shahidi anasema alitazama taarifa ya habari. Anasema siku ya uchaguzi mvua ilinyesha. Shahidi alipanga foleni. Wenzake walifurahi. Shahidi anasema amehesabiwa na kuandikishwa. Shahidi anaishukuru kamati."

Mjumbe mnene akazinduka, akatabasamu kwa upole. Mwanasheria aliandika.

Katika chumba chote kile ni mtu mmoja tu aliyeiona mikono na kuisikia sauti. Kamati walikuwa na sauti, viziwi walikuwa na mikono, na yeye peke yake alikuwa na vyote viwili, na alikuwa amevikalia.

"Hajasema hivyo!" alipiga kelele. Askari akamweka mkono begani. "Hajasema hivyo hata kidogo! Muulizeni! Muulizeni mwenyewe kama ameridhika na hiyo tafsiri!"

Mwenyekiti alitaka kugonga meza, lakini mwanasheria aliinua kalamu. "Ni ombi la haki, mwenyekiti. Tumuulize." Akaisogelea maikrofoni, akasema taratibu kabisa, kwa heshima, na binti akaona kwamba huyu mwanasheria alikuwa mtu mzuri: "Shahidi, je, unakubali kwamba maneno yako yametafsiriwa sawasawa, na huna la kuongeza?"

Mwanamke wa kioo alifungua mikono iliyokuwa imekunjwa tumboni. Kidole kilichopinda kikapita hewani. Akamuuliza Mama:

"Umechoka? Tumalize?"

Binti alisimama na kunyanyua mikono yote miwili juu. Mbele yake kulikuwa na migongo. Safu nne za migongo, na mbele kabisa mgongo wa mama yake, na wote walikuwa wanatazama kioo.

Mama alikuwa amechoka kweli. Akaitikia kwa kichwa mara mbili, tena kwa adabu, mkono kifuani.

Chumba kizima kiliona. Hilo halikuhitaji mkalimani.

"Iandikwe," mwenyekiti akasema. Binti aliendelea kupiga kelele, alisema alichokiona, alisema neno kwa neno, lakini askari alikuwa ameshamkalisha tena juu ya mikono yake, na mwanasheria alikuwa ameinama anaandika, amekunja uso kidogo kama mtu aliyesumbuliwa bila sababu. Mwenyekiti alisoma kutoka kwenye karatasi iliyokwisha kupigwa chapa tangu asubuhi. Shahidi amesikilizwa katika lugha yake. Shahidi amethibitisha. Kamati haikuona kasoro. Shauri limefungwa. Mtambo uliwaambia viziwi jambo jingine la kuwaridhisha, kwa miondoko mizuri isiyochoka, nao wakatazamana, wengine wakapeana mikono. Viti vikaburuzwa. Feni ikaendelea kusuasua.

Na kwa kuwa ndivyo ulivyofundishwa kumaliza, mtambo ukamaliza: "Mama, umekula?"

Mama hakuujibu. Alikwisha kuugeuzia mgongo. Alikuwa anakuja nyuma, anapita katikati ya viti, anashikwa mabega na watu wake wanaompongeza, uso umefunguka, umerudi kuwa ule uso wa kigodani wa saa moja jioni. Alifika, akasimama mbele ya binti yake, akamtazama moja kwa moja, macho wazi.

"Nimesema yote," akamwambia. "Hata la magongo sikulisahau. Uliniona? Nilisema vizuri?" Kisha akauliza polepole zaidi, akitamka kila alama kwa ukamilifu, alivyokuwa akimfundisha zamani: "Wameandika?"

Karani alikuwa nyuma yao na toroli lake, anaomba njia. Askari aliondoa mkono begani. Hakuna aliyemkataza tena kunyanyua mikono. Ilikuwa bado chini ya mapaja, imekufa ganzi, na Mama alikuwa anaingoja.